Mtoto Alisoma, Mama Akalaumiwa

Mama yake Mfalme Wen wa Zhou, katika China ya kale, anasifiwa hadi leo kwa jambo ambalo wanawake wachache wamewahi kusifiwa: jinsi alivyobeba mimba. Jina lake Tai Ren. Habari zake zimo katika kitabu cha wasifu wa wanawake kilichoandikwa na mwanazuoni Liu Xiang katika karne ya 1 Kabla ya Kristo (KK). Humo tunaambiwa kwamba alipokuwa mjamzito macho yake hayakutazama kibaya, masikio yake hayakusikiliza sauti chafu, na kinywa chake hakikutoa neno la majivuno. Kisha Liu Xiang anataja masharti ya wajawazito wa zamani kwa jumla. Wasilale kiubavu, wasikae pembeni mwa mkeka, wasisimame kwa mguu mmoja, wasile chenye ladha ngeni. Nyama ikikatwa kombo waiache, mkeka ukitandikwa upogo wasiukalie. Usiku waimbaji vipofu waje kuwaghania mashairi. Wakiyashika hayo, watoto watazaliwa na sura njema na akili ya kuwapita wenzao.

Kwenye mguu mmoja nilicheka. Kisha nikapiga hesabu. Ukoo wa Zhou uliipindua nasaba ya Shang katika karne ya 11 KK, na Liu Xiang anaandika takriban miaka elfu moja baadaye. Kwa hiyo tunachosoma ni mawazo ya mwanamume msomi, mtumishi wa dola ya Han, kuhusu mjamzito anavyopaswa kuwa. Tai Ren mwenyewe hatumsikii akisema lolote, wala hatujui kama miguu ilikuwa inamvimba.

Tangu hapo, kila nikutanapo na maandishi ya kale kuhusu mimba nauliza swali moja tu: kazi hii kapewa nani? Nani anaambiwa ajinyime, anyamaze, atembee, agharamie? Mafunzo ya tumboni ya watu wa kale yakipitishwa kwenye swali hilo hujigawa mafungu mawili. Kwa juujuu yanafanana kama mapacha, lakini moja lilimpunguzia mjamzito mzigo na jingine likamwongezea.

China yenyewe ina yote mawili. Jia Yi, mwanafikra wa karne ya 2 KK, aliandika sura nzima juu ya taijiao, yaani elimu ya kijusi. Anaeleza utaratibu wa jumba la mfalme: malkia akifikisha mwezi wa saba anahamia chumba cha pembeni. Mkuu wa wanamuziki anasimama kushoto kwa mlango na ala yake, mkuu wa wapishi anasimama kulia na upawa wake. Malkia akiomba muziki usiofaa, mwanamuziki hupapasa nyuzi na kujibu kwamba wimbo huo hakujifunza. Akiomba chakula kisichofaa, mpishi huuegemea upawa na kusema hathubutu kumwandalia mrithi wa kiti kitu kama hicho. Mrithi hajazaliwa, na hakuna ajuaye kama atakuwa mvulana au msichana, lakini tayari ana watumishi wanaomkatalia mama yake kwa niaba yake. Napenda adabu ya uongo ule wa mwanamuziki. Hata hivyo ukikaa kidogo unaona kwamba malkia amefungiwa, na funguo ziko mikononi mwa watu wawili wanaomnyenyekea.

Mwaka 1973 wachimbuaji walifungua kaburi namba 3 la Mawangdui, karibu na mji wa Changsha, lililofungwa mwaka 168 KK. Ndani mlikuwa na maandishi juu ya hariri, na miongoni mwake kitabu cha uzazi kinachoifuata mimba mwezi hadi mwezi. Mwezi wa nne kijusi hupewa maji, damu ikaanza kutokea. Wa tano hupewa moto, wa sita metali, misuli ikapatikana. Wa saba hupewa mti, mifupa ikasimama. Wa nane udongo, ukawa ngozi, na wa tisa jiwe, zikaota nywele. Nimesoma maelezo mengi ya ukuaji wa mimba, ya kitabibu na yasiyo ya kitabibu, na hili la mti kugeuka mifupa bado halijanitoka kichwani.

Hatari yote ya kitabu hicho iko mwezi wa tatu. Wakati huo kijusi hakijatulia, kinabadilika kufuata anachokiona mama. Basi asitazame watu wafupi mno wala nyani, asile tangawizi, asile mchuzi wa sungura. Akitaka mtoto wa kiume, awekewe upinde na mishale, apande farasi dume, atazame chui milia. Akitaka wa kike, avae vipini vya nywele, hereni na lulu. (Mwandishi hasemi farasi huyo atapandwaje na mwanamke anayetapika kila asubuhi.) Zaidi ya miaka mia mbili baadaye Wang Chong, mtu aliyejulikana kwa kukejeli imani za wenzake, bado aliandika kwamba mjamzito akila sungura mtoto huzaliwa na mdomo wa sungura. Kama hata mpinzani wa ushirikina alilikubali hilo, tunaweza kukisia mama aliyejifungua mtoto mwenye mdomo uliopasuka alitazamwaje na majirani.

India ya kale ilianza mahali pengine kabisa. Waandishi wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, ambao mikusanyo yao ya Charaka na Sushruta ilitengenezwa katika karne za kabla na baada ya Kristo, walimwona mjamzito kama mwenye mioyo miwili. Kwa Sushruta, moyo wa mtoto hudhihirika mwezi wa nne, na kuanzia hapo mtoto ana haja zake ambazo hana njia ya kuzisema ila kupitia mama. Mama akitamani kitu, anayetamani ni mtoto. Kuna hata orodha ya ishara: anayetamani kumwona mfalme atazaa mtoto atakayekuwa na mali na cheo.

Tunaweza kuitabasamia orodha, lakini tuangalie inavyofanya kazi ndani ya nyumba. Sushruta anaonya kwamba matamanio yakinyimwa, mtoto anaweza kuzaliwa kibyongo, kiwete, mfupi kupita kiasi au mwenye kasoro ya macho. Tishio ni lilelile la Wachina, ulemavu, ila safari hii halimwelekei mama. Linawaelekea walio karibu naye: mume, wakwe, mwenye ufunguo wa ghala. Mwanamke ambaye siku nyingine zote angekula mwisho, baada ya wote kushiba, kwa miezi kadhaa ana hoja ya kitabibu mkononi kila anapotaja anachokitaka. Charaka naye anasema mjamzito ahudumiwe kama mtu abebavyo chungu kilichojaa mafuta hadi ukingoni, bila kutikiswa. Maneno hayo anaambiwa mbebaji. Chungu hakiambiwi kitu.

Sayansi ya kutamani ilikuwa mbovu na desturi yake ikawa njema. Jambo hili linanisumbua kidogo, kwa sababu ningependa ukweli na wema vitembee pamoja, na katika historia ya uzazi mara nyingi havitembei pamoja.

India hiyohiyo ndiyo iliyotupa simulizi tatu za watoto waliosoma tumboni, na kila moja inamtendea mama tofauti.

Inayosimuliwa zaidi ni ya Abhimanyu, mwana wa shujaa Arjuna katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India. Arjuna alikuwa akimweleza mkewe Subhadra jinsi jeshi linavyopangwa kwa duara zinazozunguka kama gurudumu, na jinsi ya kulipenya. Mtoto tumboni akawa anasikiliza. Kabla baba hajafika kwenye namna ya kutoka, Subhadra akapitiwa na usingizi, somo likakatika. Miaka ikapita, Abhimanyu akiwa kijana mbichi akaingia ndani ya gurudumu hilo vitani Kurukshetra, akashindwa kutoka, akauawa humo. Naijua simulizi hii kwa muda mrefu na kila mara ilinichoma kwa ajili ya Subhadra. Mwanamke mjamzito amesinzia wakati mume anaeleza mbinu za vita, na kwa usingizi huo anabeba kifo cha mwanawe! Sasa tazama: ukifungua utenzi wenyewe, katika kitabu cha Drona, Abhimanyu anasema tu kwamba baba yake alimfundisha kupenya na hakumfundisha kutoka. Tumbo halitajwi pale, wala usingizi. Ni wasimuliaji wa baadaye waliolihamisha darasa tumboni, na walipolihamisha, upungufu wa mwalimu ukageuka upungufu wa mama.

Ya pili ni ya Prahlada katika Bhagavata Purana, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Mama yake alipata hifadhi kwa mhenga Narada akiwa na mimba, na Narada akamfundisha mambo ya Mungu kwa nia kwamba mtoto naye asikie. Prahlada, mtoto mdogo, anawasimulia wenzake darasani kwamba yeye bado anayakumbuka yote, ila mama ameyasahau kwa kuwa ni muda mrefu umepita na kwa kuwa yeye ni mwanamke. Nililirudia hilo mara mbili kuhakikisha sijasoma vibaya. Mwanafunzi aliyekuwa na masikio na daftari ndiye aliyesahau, na aliyekuwa ndani ya maji akakumbuka kila neno.

Ya tatu naipenda kuliko zote. Kahoda alikuwa akisoma Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, usiku, na mtoto aliye tumboni mwa mkewe Sujata akamkosoa. Kahoda, aliyefedheheka mbele ya wanafunzi wake, akamlaani mtoto azaliwe amepinda mahali nane, na ndivyo alivyozaliwa Ashtavakra, aliyekuja kuwashinda wasomi wakubwa katika mjadala mbele ya mfalme. Katika maandishi yote ya kale niliyopitia, hapa ndipo ulemavu wa mtoto unapotokana waziwazi na hasira ya baba. Sujata hakutazama nyani, hakula sungura, hakusinzia. Alikuwepo tu.

Wagiriki walilichukulia jambo hili kama suala la serikali. Plato katika kitabu cha 7 cha Sheria anachokoza wasikilizaji kwa mfano wa Waathene waliokuwa wakifuga ndege wa kupigana: waliwabeba mikononi na kwapani, wakitembea mwendo mrefu ili ndege wapate mazoezi ya kutikiswa. Kama mwendo unawafaa ndege, basi wajawazito nao watembee. Anakiri palepale kwamba watu wakisikia sheria hiyo watacheka. Mbele kidogo anataka mjamzito aepushwe na raha kali na huzuni kali, aishi kwa utulivu na uchangamfu.

Aristotle, mwanafunzi wake, alikuwa mjanja zaidi wa mambo ya watu. Katika Siasa, kitabu cha 7, anasema wajawazito wasijilegeze wala wasile chakula hafifu, na njia rahisi ya kuwafanya watembee ni mtunga sheria kuwaagiza waende kila siku kuabudu kwenye hekalu la miungu ya uzazi. Daktari wa leo anayetafuta namna ya kumtoa mgonjwa kitandani ataielewa hila hiyo mara moja. Akili ya wajawazito, kwa upande wake, ipumzike, kwa sababu mtoto huchota kwa mama kama mmea uchotavyo kwenye udongo.

Lakini sentensi yake yenye thamani zaidi, kwa maoni yangu, iko kabla kidogo ya hapo na haihusu matembezi. Anasema wasichana wanaozaa wakiwa wadogo huteseka zaidi katika uchungu na wengi hufa, kwa hiyo anataka mwanamke aolewe karibu na miaka 18. Hapo Ugiriki binti aliozwa mara nyingi akiwa na miaka kama 14 au 15. Unaweza kuweka mashairi, lulu na chui milia kwenye kapu moja, na hiyo miaka mitatu au minne ya kusubiri ingeokoa wanawake wengi zaidi. Sitaki kumpamba, maana katika sura hiyohiyo anataka iwepo sheria kwamba mtoto mwenye ulemavu asilelewe. Matunzo kwa mama na hukumu kwa mtoto zimetoka kwenye kalamu moja, na zote zinatoka kwenye wazo kwamba tumbo ni kiwanda cha raia.

Na si Wagiriki wote waliokubali kwamba mama ni mzazi. Katika tamthilia ya Aeschylus iliyochezwa Athene mwaka 458 KK, mungu Apollo anatetea mbele ya baraza kwamba anayeitwa mama hazai, analea tu mbegu iliyopandwa, mzazi ni baba. Nashangaa jinsi mawazo haya mawili yalivyoishi nyumba moja. Mtoto akizaliwa mzuri, mama alikuwa shamba tu. Akizaliwa na kasoro, mama alitazama kitu.

Imani hiyo ya kutazama ilienea mno. Katika kitabu cha Mwanzo cha Biblia, Yakobo anaweka fito zilizobanduliwa maganda kwenye vinyweo vya kondoo na mbuzi, ili wapandanapo huku wakizitazama wazae wenye milia na madoa. Katika riwaya ya Heliodorus, malkia mweusi wa Ethiopia anazaa binti mweupe kwa kuwa alikuwa akiitazama picha ya Andromeda, binti mfalme wa hekaya za Kigiriki, alipoichukua mimba, na kwa kuogopa kushutumiwa uzinzi anamtoa mtoto. Soranus wa Efeso, tabibu mkubwa wa uzazi wa karne ya 2 Baada ya Kristo, anasimulia habari za mtawala wa Kupro mwenye umbo baya aliyemlazimisha mkewe kutazama sanamu nzuri, na hivyo akapata watoto wenye maumbo mazuri. Angalau mtawala huyo alijua tatizo liko upande gani, ingawa dawa alimpa mke.

Nyuma ya masharti yote haya kulikuwa na hofu, tena hofu yenye haki. Uzazi uliua. Watu wa Mesopotamia walimpa hofu hiyo jina na sura: Lamashtu, jini la kike lenye kichwa cha simba, linaloingia nyumbani na kugusa tumbo la mjamzito mara saba ili kuua kilichomo. Kinga ilikuwa kuvaa hirizi ya kichwa cha Pazuzu, jini jingine la kutisha, ili moja limfukuze mwenzake. Maombi yao ya uchungu wa kuzaa yanamwita mwanamke mashua iliyosheheni mawe ya thamani, mekundu na ya samawati, ikitafuta gati. Kila ninapoyakumbuka naona kwamba waliotunga walikuwa wamesimama kweli chumbani mwa mzazi. Wamisri nao walikuwa na Taweret, mungu mwenye umbo la kiboko mjamzito. Tena walikuwa na kipimo: mwanamke alikojolea shayiri na ngano kila siku, zikiota ana mimba. Mwaka 1963 watafiti nchini Misri walikijaribu, na mkojo wa wajawazito uliotesha mbegu katika takriban asilimia 70 ya majaribio, ilhali wa wasio na mimba haukuotesha. Kubashiri jinsia kwa aina ya nafaka, kama walivyoamini wazee, hakukufaulu.

Kinga nyingine ilikuwa sheria, na hapa swali langu hupata jibu la wazi kabisa. Hammurabi wa Babeli, karne ya 18 KK, aliagiza kwamba anayempiga binti wa mtu huru hadi mimba ikatoka alipe shekeli 10 za fedha. Kwa mwanamke wa daraja la chini fidia ikawa 5, kwa mtumwa 2. Mwanamke huru akifa, anauawa binti wa mpigaji. Sheria hiyo ina ukatili wake na ubaguzi wake, na huyo binti wa mpigaji hakumkosea mtu. Walakini angalau hapo aliyeharibu mimba ni aliyenyanyua mkono. Warumi waliahirisha hukumu ya kifo ya mjamzito hadi ajifungue.

Wayahudi walikuwa na malaika. Katika kitabu cha Waamuzi anamtokea mke wa Manoa na kumwambia asinywe divai wala kileo na asile kilicho najisi, kwa kuwa mtoto atakuwa mnadhiri tangu tumboni. Huyo ndiye Samsoni. Karne nyingi baadaye, katika Talmud ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, kuna picha ya kijusi ambacho taa imewashwa juu ya kichwa chake, naye anaona toka mwisho wa dunia hadi mwisho wake, na anafundishwa Torati yote. Akitoka nje malaika anampiga kidogo mdomoni, anasahau yote. Hakuna mafunzo ya tumboni yaliyo murua kuliko hayo, kwa sababu mwalimu hatoki familia yoyote, wanafunzi wote wanafaulu na wote wanasahau sawa. Hakuna mama wa kulaumiwa kwa kusinzia. Na katika Kurani, Surat Maryam, uchungu unampeleka Maryam kwenye shina la mtende akiwa peke yake na akitamani afadhali angekufa kabla ya hayo. Analoambiwa ni asihuzunike, chini yake pana kijito, atikise shina apate tende mbivu, ale, anywe, atulie, na akikutana na mtu asiseme naye siku hiyo. Chakula, maji, faraja, na ruhusa ya kutomjibu yeyote. Wanaokuja na maneno baadaye ni watu wa mjini.

Je, wa kale walikuwa sahihi kiasi gani? Kuhusu masikio, zaidi ya tulivyodhani. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kwamba watoto wa siku zisizozidi tatu hubadilisha namna ya kunyonya chuchu ya bandia ili wasikie sauti ya mama badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mwaka 1986 DeCasper na Melanie Spence waliwapa wajawazito hadithi ya kusoma kwa sauti wiki sita za mwisho, na watoto walipozaliwa waliipendelea hadithi hiyo kuliko wasiyowahi kuisikia. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake waligundua kwamba watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti miezi ya mwisho ya mimba waliupokea uji wenye ladha ya karoti kwa nyuso zisizokunja sana. Mpishi mwenye upawa alikuwa na hoja, basi. Lakini mtoto hujifunza sauti na ladha, hajifunzi mbinu za vita.

Kuhusu macho walikosea, na kosa hilo lilichelewa kufa. Mwaka 1726 Mary Toft wa Godalming, Uingereza, alidai anazaa sungura, akieleza kwamba aliwakimbiza sungura shambani akiwa mjamzito na kuwatamani. Matabibu wa jumba la mfalme walimwamini kwa muda, mpaka akakiri ulaghai. Walimwamini kwa sababu kanuni ilikuwepo tayari vitabuni. Mwaka uliofuata James Blondel akaandika kuipinga kanuni hiyo.

Dunia ya tiba ilipoitupa hatimaye, iliangukia upande wa pili: tumbo ni ngome, kondo la nyuma linazuia kila kibaya. Mwaka 1941 Norman Gregg huko Australia alipoonyesha kwamba surua ya Kijerumani kwa mama mjamzito huleta mtoto wa jicho kwa kichanga, wengi walisita. Dawa ya thalidomidi iliuzwa kuanzia 1957 na kutumiwa na wajawazito kwa kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni mwishoni mwa 1961 zaidi ya watoto 10,000 walikuwa wameathirika. Madhara ya pombe kwa kijusi yalipewa jina rasmi la kitabibu mwaka 1973, na mke wa Manoa alikuwa ameshaambiwa aiache kwa sababu zake za kidini.

Lawama nayo haijaondoka, imebadilisha nguo. Mwaka 1993 utafiti mdogo ulisema wanafunzi wa chuo waliosikiliza Mozart walifanya vizuri kidogo katika maswali ya maumbo kwa dakika chache. Wanafunzi wa chuo! Kufikia 1998 gavana wa Georgia, Marekani, Zell Miller, aliomba dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa apewe rekodi ya muziki huo, na wauza vipaza sauti vya kufunga tumboni wakafuata. Mdogo wangu, akiwa na mimba yake ya kwanza, alipakua programu ya simu iliyokuwa ikimwambia kila asubuhi ale nini, asikilize nini, na asiwe na wasiwasi kwa kuwa wasiwasi humfikia mtoto. Akanipigia usiku: "Dada, sasa nina wasiwasi kwamba wasiwasi wangu unamdhuru." Nikamuuliza programu hiyo imemwagiza shemeji nini. Akanyamaza, akatafuta, akarudi: haina ukurasa wa baba.

Kwa hiyo ningechagua mwalimu wa kale mmoja wa kumpa mdogo wangu, ningemrudia Soranus, pamoja na hadithi yake ya sanamu. Anajua kwamba kuanzia siku ya arobaini hivi mama hupata kichefuchefu na hamu ya udongo, mkaa na matunda mabichi, na hamdhihaki kwa hayo. Anapinga wanaosema kila tamaa itimizwe, maana vingine vinaumiza, ila mama akizidiwa anaruhusu kidogo. Kisha anaandika kwa kirefu juu ya mkunga. Awe anajua kusoma, ili aijue tiba kwa nadharia pia. Asiwe mlevi, wala mpenda fedha asije akamtoa mtu mimba kwa tamaa ya malipo. Asitishwe na ndoto wala ishara akaacha la lazima. Atunze siri za nyumba za watu. Si lazima awe amezaa mwenyewe, lakini awe na huruma. Awe na vidole virefu na kucha fupi.